Upote Usiseme

Jumamosi nilishuka Elburgon
na urefu wa upote wangu mfukoni,
nimeupima kwa kamba ya kiatu.
Nikamwambia Gachihi, fundi wa baiskeli,
nipe kipande cha tyubu.
Kiraka? akauliza.
Nikasema ndiyo, kiraka.
Na sikudanganya sana: nataka kuziba sauti.

Maana upote wangu una mdomo.
Nikiuachia unasema *teng'*,
na neno lina mbio kuliko chuma.
Paa husikia kwanza, hujikunja, huruka,
kigumba kinapita pale palipokuwa na ubavu
kinakwenda kumchoma mtarakwa asiye na kosa.
Mara tatu tangu mvua zianze.
Mara ya tatu nilicheka.
Ya nne sidhani.

Tyubu nikaichana nyuzi nyuzi,
nikatengeneza buibui wawili weusi,
mmoja robo kutoka juu, mmoja robo kutoka chini.
Mchana walikaa kwa heshima.
Lakini alfajiri ya Mariashoni haina huruma na mpira:
baridi iliwakakamaza miguu
wakawa wanapiga makofi.

Nikajaribu sufu.
Sweta ya shule ya dada yangu Cheptoo,
kijani, kiwiko kimetoboka tayari,
nikafumua mkono mmoja, nikafunga vishada.
Upote ukanong'ona!
Kisha ukungu wa Mau ukaja kuinywesha ile sufu
ikawa nzito kama ulimi wa mlevi,
mshale ukatoka kivivu
ukajilaza nyasini hatua ishirini mbele yangu,
na Jumatatu Cheptoo akaenda shule na mkono mmoja,
hajanisemesha hadi leo.

Mpimaji wangu ni kogo Tabutany.
Macho yalipohama kwake
masikio yalichukua vyumba vyote.
Hukaa mlangoni, nami nyuma ya banda la kuni
navuta, naachia,
naye anahukumu:
Huo bado unasema.
Huo unakohoa.
Huo umenyamaza kama mtu aliyenuna,
si kama mtu aliyelala.

Wanasema kimya kingi kina mshindo mkuu.
Mimi natafuta kimya kisichodai kitu baadaye,
kwani si paa peke yake mwenye masikio huku.
Pale darajani kuna kambi, kuna buti mpya,
kuna daftari la majina.

Akaingia ndani akipapasa ukuta.
Akatoka na vazi la pimbi, la mama yake,
ngozi kumi na mbili, harufu ya moshi na asali ya zamani.
Kata hapa kwenye pindo, akasema, upana wa vidole viwili.
Manyoya ya mnyama wa mitini hayanywi mvua.

Kisu kilikuwa kikali. Mkono ndio uliokuwa butu.
Vazi hili lilitoka likiwa begani
siku nyumba zilipochomwa,
likalala chini ya mianzi na watoto wanne ndani yake,
mmoja akiwa baba yangu.
Leo nilikate nipate kimya cha kuwindia?

Kata, akasema. Nisipokuachia wewe nitawaachia nondo.

Nikakata.
Vishada viwili, vyepesi kama pumzi.
Nikaenda nyuma ya banda, nikavuta hadi shavuni,
nikaachia.

Kogo akangoja.
Umeachia?
Nimeachia, kogo.

Akanyamaza muda wa kumenya kiazi kizima.
Babu yako, akasema,
nilikuwa namsikia kutoka hapa hapa.
Ukilia mara moja, naweka chungu motoni.
Ukilia mara mbili, naacha kuni zangu zipumzike.
Sasa wewe
chungu nitakiweka saa ngapi?

Sikuwa na jibu. Nimeutundika upinde juu ya meko.
Huko nje pimbi wanapiga kelele mti hadi mti,
hawamfichi mtu, hawaombi ruhusa,
na kogo, gizani kwake, anawahesabu.